Kubebana

"Mwache, usimwamshe," Kicheko alimwambia mwenzake wa nyuma, huku mguu wake wa kushoto ukiteleza chini ya meza na kukanyaga kanyagio la cherehani isiyo yake.

Aliyelaza kichwa juu ya rundo la kola alikuwa Somo. Jina lao lilikuwa moja, ndiyo maana kiwanda kilimwita huyu Somo na yule Kicheko, wasije wakachanganywa. Walikuwa wamekaa bega kwa bega tangu wakati hakuna kati yao aliyekuwa na mvi.

Juu ya kila cherehani palikuwa na taa nyekundu. Mashine ikinyamaza kidogo tu, taa inawaka, na benchi zima linakosa chai. Siyo mwenye kosa peke yake, benchi zima! Hapo wenzako wanakugeukia, na macho yale, jamani, afadhali utukanwe. Ukutani wakubwa walibandika bango: HAPA SISI NI FAMILIA MOJA. Basi familia ikajitafutia njia yake, ikaiita kubebana. Jirani akizidiwa na usingizi, unanyoosha mguu unamkanyagia. Sindano inapanda na kushuka bila kushona kitu, taa imetulia, na msimamizi anapita zake. Walijivunia jambo hilo kweli kweli. Katika jengo lile hapakuwa na kingine cha kujivunia.

Asubuhi ile Somo alikuwa amekunja na kukunjua vidole. "Mkono huu umelala," alisema.

"Uache ulale, mwaya. Angalau kiungo kimoja kimepata likizo."

Wakacheka. Baadaye kidogo Somo akainamisha kichwa, na Kicheko akaanza kumbeba. Alijua mwenzake anauguza mjukuu, usiku halali. Kengele ya chai ilipolia hakumgusa, alimletea tu kikombe chake, akakiweka kando ya uzi. Chai ikapoa. Akaendelea kukanyaga kwa miguu miwili, mmoja kwa ajili yake na mmoja kwa ajili ya mwenzake, mpaka paja likamuuma, na moyoni akajisifu kuwa rafiki wa namna yake ni wa kutafuta kwa tochi.

Kengele ya chakula ilipolia alimtikisa bega. "Haya bibi, kumekucha."

Kichwa kikageuka kama mzigo. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja na mate yamelowesha kola tatu nne. Jicho moja lilikuwa wazi, nalo lilikuwa likimtazama.

Kicheko alipiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua kuwa ni wake. Lilikuwa wazi tangu lini? Tangu lini, ee Mungu wangu, tangu lini?

Msimamizi alikuja mbio. Mtu yule walimwita Mzunguko, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzunguka na kutazama taa, na hakuna aliyewahi kumwona akimgusa mtu hata begani. Siku ile alimbeba Somo mikononi, akamlaza kwenye gari lake mwenyewe, Kicheko akapanda kando yake, akaendesha huku honi haiachi kulia.

Hospitalini walimpiga Somo picha ya kichwa. Daktari, binti mwenye macho mekundu kwa uchovu, akatoka na jibu. Mume wa Somo alikuwa ameshafika, jasho linamtiririka.

"Ni kiharusi. Damu imeganda ndani ya kichwa, na dawa ya kuiyeyusha tunayo. Niambieni, ilianza lini?"

"Sasa hivi tu," Mzunguko akadakia. "Mashine yake imekwenda mpaka kengele ya chakula. Taa haijawaka hata mara moja, mimi mwenyewe nimepita nikaona."

"Basi tumewahi." Daktari akamwashiria muuguzi, naye akaanza kuivuta dawa kwenye sindano. Mume akafumba macho, akashukuru.

Kicheko akasogea mbele. "Daktari. Na kama ilianza asubuhi?"

"Asubuhi nisingempa. Muda ukipita, dawa hiyo hiyo inaweza kumvujisha damu kichwani, akatufia hapa hapa. Kwani vipi?"

Wote wakamgeukia.

"Ilianza asubuhi, kabla ya chai," Kicheko akasema. "Nadhani ilianza kabla ya chai. Mashine ilikuwa inakwenda kwa mguu wangu."

"Mguu wako?" Mume wa Somo hakuelewa. "Shemeji, unasema nini?"

"Nilikuwa namkanyagia. Nilidhani amelala, shemeji. Wallahi nilidhani amelala."

Mzunguko akamsogelea. "Mnafanyiana hivyo? Wangapi?"

"Wote, bosi."

"Lakini mtu anaumwa! Kwa nini hamkuniita mimi?"

"Wewe?" Kicheko alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuuita ukuta. "Hakuna aliyekufikiria."

Mzunguko akatafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akakaa.

"Rudisha," daktari akamwambia muuguzi, na sindano ikarudi kwenye trei. "Tutamtibu kwa njia nyingine. Atapona kiasi gani, hilo sitawadanganya."

Mume akamwangalia Kicheko. Kisha akasema, "Ingia wewe kwanza. Mimi bado siwezi," akaenda kuegemea dirishani.

Kicheko akaingia wodini. "Somo!" akaita, na sauti ikatoka kwa kelele, jinsi walivyozoea kuzungumza kiwandani, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakashtuka. Akaona haya. Akainama, akamsogelea sikioni, akaanza kumweleza taratibu, tangu mwanzo, bila kuficha kitu.

Hakufika mbali. Mkono wa Somo ambao haukupooza ulijiinua kutoka kwenye shuka, ukamfika mdomoni, ukatua hapo. Haukumsukuma, wala haukumpapasa. Kicheko akabaki ameinama, akihema kwenye kiganja kile.