Nyoka wa Mguuni

Na wewe usibetue midomo kabla hujasikia, kichaa naye ana miguu, na miguu yake huumwa kama yako, ndivyo anavyowaza fundi cherehani, bibi mzima, kapiga magoti kwenye sakafu ya wodi mbele ya kiti cha bintiye, kigimbi cha kushoto mkononi, cha moto, kigumu kama unga uliokandwa jana... na nesi pale mezani anamwambia ainuke, magoti yatamuuma, ya kwangu unayaona, ya huyu je, Jumatatu alisema, Mama, kuna nyoka wa moto mguuni, nikamwambia nyamaza, umeanza tena, maana nyoka wake nawajua, mwaka juzi walikuwa ukutani, mwaka jana redioni, wakihamia mguuni nani ashangae, nesi akaandika nyoka wamerudi, dawa ya kumtuliza ikaongezwa, na aliyetulizwa hukaa, akakaa, juu ya zile wiki mbili za homa ya mafua walizofungiwa humu bila kukanyaga uani... futi yake ya kupimia nguo kaichukua askari mlangoni, isije ikawa kitanzi, haya, shibiri hainyang'anywi, mguu wa kulia shibiri mbili kasoro kidole, wa kushoto shibiri mbili na vidole viwili, miguu hii ameishonea suruali tangu ikiwa kama vijiti, haijawahi kupishana hata uzi... na kitanda cha dirishani kitupu, yule mwalimu mcheshi, homa ilimwacha akalalamikia mguu, Ijumaa iliyopita kasimama aende msalani, kaanguka, hakuinuka tena, na daktari alisema pale koridoni, bibi akisikia kwa masikio tu, kwamba homa ile na kukaa kutwa viliigandisha damu mguuni, ikapanda mapafuni... siku nne, bibi, siku nne umemwita mwongo mtoto wako mwenyewe, na sasa anahema kama aliyepanda ngazi, wala hajanyanyuka tangu chai, nesi anasema ni wasiwasi tu huo, daktari yuko kikaoni, kikao hakina miguu, mlango wake nitaugonga mpaka ufunguke.

"Mtu yeyote asimnyanyue," akamwambia nesi, ambaye hakuacha kuhesabu vidonge.

Binti kitini vilevile, macho ukutani.

"Mama, umemwona?"

"Nimemwona, mwanangu."

Akatoka, akaufunga mlango.