Programu Nyepesi ya Mwalimu Ézéchias

Kuna wanaume wanaochagua mke upesi kuliko Mwalimu Ézéchias alivyochagua programu ya kukata video. Diski mbili mezani, kompyuta yake inaunguruma, jenereta la jirani linakohoa, na Pastor Jérémy amesimama mlangoni na mfuko wa safari. Treni ya Lubumbashi ilikuwa stesheni tayari. Nilitaka kulia, nikajizuia, maana ningeanza, mwalimu angeacha kazi anibembeleze.

Pastor alikuwa anakwenda kwenye kambi ya wakimbizi kule Zambia. Watoto waliotupotea siku tulipokimbia vita ng'ambo ya Lualaba walisemekana wako huko. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana mitano, na mimi nimekonda hata dada yangu mwenyewe alinipita sokoni bila kunitambua. Sura yangu haitamwambia kitu mtoto yule. Kitakachomwambia ni jinsi ninavyomwita.

Yeye ni pacha. Kwetu Waluba pacha wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, kwa hiyo kambini akina Kabange watakuwa tele. Lakini Kyungu wangu alikufa mchanga, na mimi niliendelea kuwaita wote wawili, kama mama yangu alivyonifundisha, ili aliyekufa asione wivu akamvuta mwenzake. "Kyungu na Kabange, mukuye kula!" Yaani njooni mle. Ndivyo nilivyoita kwenye kaseti ambayo Pastor angempelekea, mbele ya kamera ya kuazima ambayo imekwisha kurudi Kinkondja kwa mwenyewe. Na wakati ule ule ninaita, nyuma yangu likapita lori la askari na mizinga yake.

Askari wa stesheni wana televisheni, na kila kaseti wanaitazama. Picha ya mizinga ingemuua Pastor.

"Hii iko mwepesi," Ézéchias alisema, akiinua diski ya kwanza. "Hata mwenye hajui kitu anaweza. Unagusa hapa, inakata. Lakini inakata picha na sauti pamoja."

"Na ile ingine?"

"Ile inaweza kuacha sauti, tunaweka foto juu ya lori. Shida, yote iko mu Kingereza. Minyi ni prof wa histoire, mwalimu wa historia tu, mama."

"Weka ile."

Aliiweka. Vitufe vikajaa kioo kizima. Akafungua kamusi, akagusa huku, akagusa kule, picha ikaganda mdomo wangu ukiwa wazi. Akazima, akawasha, ikaganda tena. Treni ikapiga honi.

"Mama Éliane," Pastor alisema taratibu, "minyi naenda."

"Kata na ile mwepesi," nikasema, na nikauchukia mdomo wangu.

Programu nyepesi ilikata kweli, upesi na vizuri. Nikajitazama kwenye kioo nikisema mimi ni mama yako, niko Kamina, kisha picha ikaruka na tayari ninapunga mkono wa kwaheri. Ézéchias alirekodi kaseti mpya, akampa Pastor bila kunitazama.

Nikapiga magoti uani, nikapiga makofi ya heshima kama mbele ya chifu. "Pastor, basi uite weye. Wote wawili."

"Mufu haiitwe, mama. Kanisa inakataa, unajua."

"Nataka yule muzima! Asiposikia majina mbili hatakuya!"

Alitazama njia ya stesheni, akanitazama mimi pale chini. Kisha akasema yale maneno, kwa sauti ndogo, kama anayeiba.

"Si vile! Kwa nguvu. Kama chakula iko tayari."

Pastor akavuta pumzi. "Kyungu na Kabange, mukuye kula!"

Aliita vizuri mno. Katika shule ya jirani waliishi watu waliokimbia vita, na watoto wao wakatoka mbio: na sahani, na vikombe, mmoja na kifuniko cha sufuria. Wakajaa uani, wakasimama mbele yangu. Sikuwa hata na unga wa kuwapa. Pastor aliinamisha kichwa, kaseti kifuani.

Msichana mrefu, wa miaka kumi hivi, ambaye sijawahi kumwona, akawasukuma wenzake, akanishika kitenge.

"Mama," akasema, sahani yake juu, "Kabange ndiyo minyi."