Pikapu Nyeupe ya Muyuni

Ng'ombe wa Usi alianguka asubuhi akiwa na gari imejaa nazi, na hakuinuka tena. Walimwahi kwa kisu kabla roho haijamtoka, nyama ikagaiwa kijijini, na ile gari ya magurudumu mawili ikabaki imeinama uwanjani kwa Mzee Kheir, hapana wa kuivuta.

Usi alikuwa jirani yao pale Muyuni. Miaka yote yeye na ng'ombe wake ndio waliokuwa wakiyatoa mazao ya shamba lile mpaka barabarani: nazi, ndimu, mihogo na mikungu ya ndizi. Wakirudi, walirudi na madumu ya maji na majani ya mbuzi. Basi mnyama alipokufa, mzigo wote ulimwangukia Salhiya, binti wa Mzee Kheir, aliyekuwa akiliendesha shamba na kumuuguza baba yake kwa pamoja.

Alimpigia simu kaka yake Mbarouk, aliyekuwa akikaa Chukwani, kumpa habari. Mbarouk hakusikitika hata kidogo. Alicheka.

"Basi Mungu kashatuamulia. Nnakununulia gari. Gari ya kazi, ya shamba. Tena utachagua mwenyewe! Jumamosi jitayarishe, nnakuja kukuchukua."

"Kaka, mimi nlikuwa nna jambo nataka kukwambia..."

"Utaniambia njiani." Simu ikakatwa.

Jambo lenyewe Salhiya alikuwa kalibeba kifuani muda mrefu. Kabla baba yake hajapigwa na kiharusi, alikuwa mjini, Mlandege, akishona mapazia na shoga yake Bashira katika duka lao dogo. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha kigari cha duka kuyapeleka mapazia mahotelini na kuyatundika. Siku alipoitwa Muyuni, alikwenda na kibegi chenye nguo za kubadilisha tu, kwa nia ya kukaa mpaka baba apate nafuu. Baba akapata nafuu ya kukaa kitako, si ya kusimama. Mkono wa kulia na mguu wake havikurudi, na maneno yake yalitoka mazito, moja moja.

Naye Mbarouk akawa analeta vitu. Alianza na tangi la maji. Baadaye ikaja sola ya kuwashia taa, halafu friji, halafu akajenga choo cha ndani chenye vigae. Kila kilipofika kitu, majirani walimwambia Salhiya, "Una bahati wewe, kaka yako anakupenda." Na kila kilipofika, safari yake ya kurudi mjini ilirudi nyuma hatua nyengine. Nani atamwachia nyumba yenye vitu vyote hivyo mtu wa kuajiriwa?

Sasa Bashira kapata chumba cha pili kando ya duka. Alisema waziwazi, bila ya kuficha: Salhiya arudi baada ya Idi, au yeye atafute mwenzake mwengine. Hakuwa na ubaya, kazi tu imemzidi. Salhiya akawa anajizoeza maneno jikoni huku akikuna nazi: Kaka, nataka kurudi mjini. Alishayapanga vizuri. Ndipo ng'ombe akaanguka.

Jumamosi ilipofika, Bi Mwanapili, mama wa jirani, alikuja kukaa na mgonjwa. Alimtazama Salhiya akijifunga buibui, akatabasamu kwa mapenzi.

"Gari, mwanangu! Basi wewe hapa ndo hutoki tena."

Alilisema kama dua njema. Salhiya alicheka, akaingia chumbani kumgeuza baba yake, na akiwa huko ndani akasimama kidogo ameegemea ukuta mpaka pumzi ikamrudi.

*

Yadi ya magari ilikuwa kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Dalali wake aliitwa Mmanga, mtu mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na ulimi wa asali. Aliwapitisha baina ya magari huku akiyasifu kama mtu anayeposea.

Salhiya aliiona gari ya kazi yake mara tu alipoingia. Ilikuwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi, mbao za pembeni za kushusha, na nguvu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alikizunguka. Akafungua mikono, akakipima mbele kwa kifua chake. Kinapita. Njia ya kuingilia shambani kwao ilikuwa imechongwa katika maweni, na pahali pamoja ilibanwa baina ya jiwe kubwa la matumbawe na ukuta wa mawe wa shamba la jirani. Hapo hata gari ya ng'ombe ilikuwa ikipita kwa kunong'onezwa.

Lakini Mbarouk alishafika upande wa pili. Alikuwa kasimama mbele ya pikapu nyeupe ya milango minne, pana kama sebule, akiipapasa boneti.

"Hii ndio gari! Baba atakaa nyuma kwa raha zake, mizigo huku, na matope haiyajui hii."

"Bibi," Mmanga alimgeukia Salhiya, "ukiichukua hii utazeeka nayo. Hutotaka gari nyengine maisha yako."

Utazeeka nayo. Salhiya alijiona: nywele nyeupe, mikono ile ile kwenye usukani, nazi nyuma, madumu nyuma, njia ile ile ya mawe kwenda na kurudi.

"Unaonaje?" aliuliza Mbarouk. "Sema wewe. Shamba lile hapana mtu analijua kama wewe. Ndo maana mimi huku nalala usingizi."

Akili ya Salhiya ilishatamka: ile ndogo, kaka, hii haipiti. Maneno yakafika mpaka kwenye meno. Na hapo akaona mwisho wake. Akishasema hivyo, Mbarouk atapiga makofi, atasema umeona, bila ya wewe tungepotea. Kila alichokijua juu ya shamba lile kilikuwa kamba, na kila alipokitaja alijiongezea fundo.

"Chagua wewe, kaka," alisema. "Mimi sina neno."

Mbarouk akaichagua pikapu.

*

Walipofika Kitogani, pale wanapokunja kulia kwenda Muyuni, Mbarouk alisimamisha gari akamwambia ashike yeye. "Izoee. Gari yako hii."

Salhiya alishika. Usukani ulikuwa mwepesi na kiti kilikuwa kirefu, akaviona vichwa vya watu kwa juu. Njia nzima Mbarouk alizungumza juu ya mipango yake, kuongeza mbuzi, kuchimba kisima, kupanda mapapai. Hakuuliza lile jambo la kwenye simu, na Salhiya hakulitaja.

Wakaingia njia ya shamba. Mawe yakaanza kusogea huku na huku. Walipolikaribia lile jiwe kubwa, Salhiya alipunguza mwendo.

"Tia tu," alisema Mbarouk. "Inapita."

Angeweza kusimama. Mguu wake ulikuwa juu ya breki. Aliuondoa, akaukanyaga moto, gari ikaenda mbele.

Kioo cha pembeni kilikatika kwanza. Kisha ukaja mkwaruzo mrefu wa bati juu ya jiwe, gari ikatetemeka, ikasimama. Mbarouk akapiga kelele, "Rudi nyuma! Rudi!" Alirudisha. Magurudumu yalizunguka juu ya changarawe, nyuma ikajipinda, ikazidi kujikaza ukutani. Alipozima injini, kukawa kimya, isipokuwa mbuzi mmoja aliyekuwa akilia mbali.

Mlango wa Salhiya haukufunguka hata upenyo wa kidole, wala milango ya nyuma. Nje ya kioo chake lilikuwa jiwe tupu, jeusi, lenye ncha. Upande wa Mbarouk ukuta wa mawe uliishia nusu ya dirisha. Alishusha kioo akajaribu kujitoa kwa juu, kichwa na mabega vikapita, tumbo likagoma. Alining'inia pale akitukana mawe, kisha akarudi kitini, shati limechanika na kifua kinamwenda mbio.

Wakampigia Usi. Alikuwa Makunduchi kutazama ng'ombe mwengine. Alisema anakuja, na nyundo atakuja nayo.

Basi wakakaa. Jua la alasiri lilipiga kioo cha mbele na mle ndani mukawa kama tanuri. Salhiya aliweka mikono mapajani. Ajabu ni kuwa hakuogopa. Pahali pale palikuwa pembamba, pamoto, hapatokeki, na yeye alipazoea zamani.

"Ulijua haipiti?" aliuliza Mbarouk ghafla.

"Nlijua."

"Toka yadi?"

"Toka yadi."

"Salhiya! Sasa mbona hukusema?"

Salhiya alitazama jua lilivyoshuka, na mwili wake ukajua saa bila ya kuangalia. "Wakati huu baba anageuzwa," alisema. "Bi Mwanapili hamuwezi peke yake."

"Anageuzwa vipi?"

Salhiya akamgeukia. Aliutazama uso wa kaka yake, ule uso mnene mwema, akaona kwamba hakika hajui.

"Analala upande mmoja, kisha anageuzwa upande wa pili. Mchana na usiku. Asipogeuzwa anatoka vidonda. Hujui hilo, kaka?"

Mbarouk alitazama mikono yake.

"Umeleta tangi," alisema Salhiya. "Umeleta friji. Sasa umeleta gari. Hata siku moja hujaleta mikono yako. Mimi nlikuja na kibegi, kaka. Kibegi! Nna duka Mlandege, nna kazi yangu, Bashira ananisubiri mpaka Idi na baadaye hatonisubiri. Hilo ndilo nlilotaka kukwambia. Unalijua sasa."

"Na baba nimwache na nani?"

"Mimi sikuuliza swali hilo. Nlikuja tu. Sasa uliza wewe."

Mbarouk alikasirika. Alisema ana watoto, ana ofisi, Radhiya mkewe hana afya nzuri. Salhiya alimwacha aseme yote, kwani hapana aliyekuwa na pa kwenda. Mwisho maneno yalimwishia. Alijipangusa jasho kwa ncha ya shati, akasema kwa sauti nyengine kabisa:

"Siwezi kumuona vile. Baba alikuwa ananibeba begani mpaka pwani. Nikiingia chumbani kwake na kumuona kinywa kimeenda upande, nataka kukimbia. Ndo nakwenda nanunua kitu."

Salhiya alilia hapo, kidogo, bila ya kujificha. Alimhurumia. Lakini huruma ile haikumtoa mle garini wala shambani, na hilo alilijua pia.

Usi alifika na nyundo na jirani mwenye ukuta. Waliuvunja ukuta jiwe kwa jiwe mpaka mlango wa Mbarouk ukafunguka, na ndugu wakatoka kwa upande huo, mmoja nyuma ya mwengine, wamejaa vumbi. Usi aliitazama pikapu, akamtazama Mbarouk, akainama kuokota nyundo yake.

Magharibi hiyo Mbarouk alimgeuza baba yake kwa mara ya kwanza. Salhiya alisimama mlangoni akimwelekeza: shika bega, shika nyonga, taratibu. Mzee Kheir alimtazama mwanawe kutoka karibu, akasema, "Mikono... baridi." Na Mbarouk akacheka huku machozi yanamtoka.

*

Pikapu ilirudishwa yadi na mikwaruzo yake, na kwa hasara ya Mbarouk kikaja kile kirikuu. Safari hii Salhiya alisema neno lake: gari ataiendesha Usi, kwa ujira, na mazao atayasimamia Usi. Mbarouk alikubali. Alikubali pia kwamba kila mwisho wa wiki atakuja Muyuni kumshughulikia mzee, na baada ya Idi atatafutwa mtu wa kudumu, ili Salhiya arudi Mlandege.

Ijumaa ya mwanzo Mbarouk alikuja. Iliyofuata alikuja, akaondoka mapema. Halafu ikawa kazi, ikawa mvua, ikawa mtoto ana homa. Idi ikapita, na mtu wa kudumu hakuonekana. Akaleta televisheni.

Salhiya aliitazama ile televisheni ndani ya boksi lake asubuhi nzima. Kisha alikwenda kukaa kitandani kwa baba yake.

"Baba," alisema, "nikikupeleka Chukwani kwa Mbarouk, utakubali? Usinifichie. Ukisema hutaki, hatwendi."

Mzee Kheir alichukua muda. Salhiya aliona midomo yake ikitafuta njia, na katika kusubiri kule alihisi kuta zote za nyumba ile zimemkaribia.

"Shamba... langu," alisema mzee. Akapumzika. "Wewe... si shamba. Nipeleke."

Usi alikileta kirikuu mpaka barazani. Walimkalisha mzee mbele, wakamfunga mkanda na kumzungushia mito. Nyuma wakatia godoro, kiti cha magurudumu, na kibegi. Salhiya alipanda nyuma akakaa juu ya godoro. Kigari kilipita baina ya jiwe na ukuta uliokwisha jengwa tena, bila ya kugusa kitu.

Radhiya alipofungua mlango kule Chukwani alishika kifua. Mbarouk alitoka na kikombe cha chai mkononi, akasimama.

"Salhiya, ungeniambia kwanza, tungejitayarisha."

"Mimi sikujitayarisha pia," alisema Salhiya. Alimbusu baba yake mikono yote miwili, usiohisi na unaohisi, akamwomba radhi. Mzee akamwitikia. Usi akampeleka Mlandege.

Bashira alikuwa hajapata mwenzake bado. Alimkumbatia, akampa kitambaa, na Salhiya akakaa penye cherehani. Lakini mikono ilikuwa mizito, na kila ilipofika saa ya kugeuza, mguu wake uliinuka wenyewe kutoka kwenye pedeli. Usiku hakuona usingizi. Siku ya tatu alikaribia kupanda gari arudi.

Simu ililia akiwa anapinda pazia la mteja.

"Salhiya," alikuwa Mbarouk, sauti imechoka kabisa. "Baba hataki uji. Nimemtilia sukari, nimemtilia maziwa, anafunga kinywa tu. Anakula nini huyu asubuhi?"

Jibu alilijua. Lilikuwa tayari ulimini, kama vyote alivyovijua. Alifumba macho, akavuta pumzi.

"Muulize, kaka," alisema. "Atakwambia. Ila umsubiri, anachukua muda."

Aliisikia sauti ya kaka yake ikisogea mbali na simu, ikiita, "Baba?" Kisha kimya kirefu. Salhiya hakukata. Aliishika simu kwa bega, akashusha mguu juu ya pedeli, akaendelea kupinda.