Mtemi Asiye na wa Kumkemea

Sabina aliutengeneza mchezo wake kwenye kompyuta pekee ya Josephat pale Mabatini, kila wateja wa kuchapa barua walipopungua. Mchezaji alikuwa mtemi: anakusanya askari, anateka vijiji, anatawala. Josephat, mwenye duka, alimpa sharti moja. "Mtu akiucheza mara moja asirudi, naufuta. Mashine yangu haifugi wavivu."

Wa kwanza kukaa kuucheza alikuwa mzee Chenge, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Usagara, mtu anayetaka kushinda hata kwenye salamu. Aliteka kila kijiji, akapiga mwayo, akasimama. "Nimeshinda. Basi?" Akaenda zake. Sabina alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shangazi yake Dorotea, aliyekuwa amepumzika pembeni na kapu lake la dagaa, alicheka mpaka akafuta machozi. "Mtemi gani huyo hana wa kumkemea? Wetu wa zamani, akinyima watu chakula wakati wa njaa, wazee walimwondoa. Huyu wako ni jambazi tu, mwanangu."

Maneno yale yalimchoma Sabina kwa sababu yalikuwa kweli. Alimwomba Josephat subira, akauvunja mchezo na kuujenga upya. Sasa mtemi alikuwa na ghala, baraza la wazee, na ukame usiopiga hodi. Afungue ghala ili watu wapate kula, au awalishe askari avamie jirani? Kila uamuzi baraza liliukumbuka.

Chenge aliitwa tena, akaja kwa kujivuta. Ukame ulipoingia hakufikiri mara mbili: askari wakala, jirani akapigwa. Jeshi lake liliporudi na mateka, akakuta maandishi kwenye kioo: "Baraza limekuvua utemi. Ulituacha na njaa."

"Sabina! Nimeshinda vita, nafukuzwaje?"

"Ghala lilikuwa mikononi mwako, mzee. Uliamua mwenyewe."

Josephat, akidhani mzee amechoka tena, akanyoosha mkono aufute mchezo. Chenge akausukuma ule mkono. "Acha! Anza upya. Safari hii nafungua ghala."

Kesho yake alirudi na wenzake wawili wa mnadani, wakigombana kama wajumbe wa baraza. Sabina alisimama mlangoni, kifua mbele, akajivuna waziwazi bila kumwonea mtu haya.

"Vipi, umeshinda?" Dorotea akamtania Chenge.

"Bado," akajibu bila kuinua macho, uso ukimng'aa. "Lakini hawajanifukuza."