Kioo cha Shoto

Katuni ilipoanza, watu wazima wote waliipa skrini mgongo. Ndiyo ilikuwa desturi ya studio ile: kila kipindi kipya kilionyeshwa kwanza kwa watoto wa wafanyakazi, na waliokitengeneza wakakaa mbele yao wakizisoma nyuso. Bosi alipenda kusema kwamba watazamaji wale hawakuwa na mshahara wa kuogopea.

Mchoraji wa katuni hiyo, mama wa watoto wawili, alimtazama binti yake mkubwa, aliyekaa mkekani amekumbatia magoti. Ni kwa ajili yake alimbuni Shoto, msichana anayefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, hata kuyapungia mawingu yaondoke. Zamani binti huyo aliuficha mkono wake chini ya dawati, akaandika kwa wa kulia kwa tabu. Siku hizi anaandika kwa wa kushoto, kifua mbele, na anayemcheka anaambiwa akamuulize Shoto.

Watoto walicheka mpaka wakaegemeana. Kisha kicheko cha binti yake kikakatika ghafla. Akautazama mkono wake wa kushoto, akautazama wa kulia, akakunja uso.

Mama aliuona uso ule. Akavunja desturi, akageukia skrini.

Shoto alikuwa akipiga mswaki, povu mpaka puani. Kwa mkono wa kulia.

Akakumbuka. Wiki alipokichora kipindi hicho, mdogo wake binti alikuwa na homa, naye mama akachora huku amempakata. Onyesho la mswaki lilikataa kuoana na lililotangulia, basi akabonyeza kitufe cha kugeuza picha, upande huu ukawa ule, mambo yakakaa sawa. Mkono hakuuona kabisa. Macho yalijaa usingizi.

"Simamisheni," mama alisema. "Kosa ni langu."

Bosi alikodoa macho. "Lo, Mama Shoto! Kituo kinakitaka kipindi kesho asubuhi. Msichana wako amehama mkono bila hata kutuaga?"

"Nitachora upya."

"Picha zote hizo? Kwani una mikono mingapi?"

 Mama hakuthubutu kumtazama binti yake.

"Mama, mbona mmezima?" sauti ndogo ikauliza. "Si yuko kwenye kioo?"

"Kioo gani, mwanangu?"

"Cha bafuni. Mimi nikipiga mswaki, yule wa ndani anatumia wa kulia. Lakini si ni mimi tu?" Akatua kidogo, kisha akasema kwa huruma, "Ila kioo chenyewe mmesahau kukichora."

 Fundi wa sauti akajipiga paji la uso. "Jamani, huyu apewe kiti changu!"

"Fremu ya kioo tu," bosi alinong'ona. "Unaichora mara moja, inakaa juu ya picha zote."

"Mara moja tu," mama akajibu, akaangua kicheko, kisha akafuta machozi.

Kabla jua halijazama, Shoto alikuwa ndani ya kioo chenye ufa pembeni na matone ya povu. Watoto wakaangalia tena, wakacheka palepale walipoachia.

Nyumbani jioni, mama alisimama mlangoni mwa bafu, yule mtoto mdogo begani. Binti alikuwa juu ya kigoda, mswaki katika mkono wake wa kushoto. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Wewe usiogope," alimwambia yule wa ndani, povu likimchuruzika kidevuni. "Mimi nakujua."