Bakuli la Maji Katika Behewa la Mwisho

Mimi ni fundi wa viti. Nashona viti vya mabehewa kwenye karakana ya reli, na abiria akikaa kwenye treni ya mkoa akashusha pumzi kwa raha, ile raha imetoka kwenye cherehani yangu. Kwa hiyo daktari aliposema Mama apelekwe hospitali kubwa, na kwamba njiani asipate mtikisiko hata kidogo, nilisema mbele ya ndugu wote kwamba suala la usafiri niachiwe mimi.

Sikujua nimejitwisha nini. Ugonjwa ulikuwa umeula mfupa mmoja wa mgongo wa Mama mpaka ukawa kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Daktari alitutoa nje ya chumba, mimi na kaka yangu, akashusha sauti.

"Mishipa ya miguu inapita hapo hapo kwenye ule mfupa. Ukivunjika, miguu ndiyo basi tena. Mshtuko mmoja unatosha."

"Mshtuko wa namna gani, daktari?"

"Wa kurushwa. Wa kugongwa kwa nyuma. Mkiwa njiani muwe mnamfinya kidole gumba cha mguu, mnamuuliza kama anasikia. Akisema hasikii, mkimbie."

Tukimbilie wapi, hakusema.

Kwa barabara hapakuwa na la kujadili. Barabara yetu ni mashimo matupu, mtu mzima akishuka kwenye gari anajishika kiuno. Ikabaki treni, safari ya vituo vichache tu. Lakini treni yetu ina mabehewa ya aina tatu, na kila moja lina tabia yake. Kuna la vyumba, la zamani, lina vitanda na mapazia yaliyochakaa. Kuna la mbao, lenye mabenchi makavu, zito, linalolalamika kila kona. Na kuna jipya, lile la mwisho kabisa, jepesi, lenye viti vyangu: sponji nene, kitambaa cha buluu, mshono wa mara mbili.

Nilikwenda kuyajaribu yote siku yangu ya mapumziko, Jumapili. Nilibeba bakuli la maji, nikajaza mpaka karibu na ukingo, nikakaa nalo mapajani kama mtu aliyepagawa. Watu hawakuninyamazia.

"Dada, samaki ameshakufa au bado?" akauliza kijana mmoja.

"Amekufa kwa kusikiliza maswali yako," nikamjibu.

Behewa la vyumba lilianguka mtihani kabla halijaondoka: mlango wake ni mwembamba, machela haipiti labda uisimamishe wima na mgonjwa wake. La mbao lilinimwagia maji mpaka kifuani. Lakini kwenye lile jipya maji yalicheza cheza tu ukingoni, hayakumwagika hata tone. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kaka yangu, ambaye ni kinyozi na tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alinisikiliza huku akifuta mashine yake ya kunyolea.

"Sasa wewe ulikwenda kupima treni," akasema, "au ulikwenda kupima viti vyako?"

Nilimwambia aendelee kunyoa vichwa, mambo ya reli aniachie mimi.

Tulisafiri Jumatano, ndiyo siku hospitali ile inapokea wagonjwa wa mgongo. Wenzangu wa karakana walitusaidia kumpandisha Mama, hatua kwa hatua, wakiongea kwa kunong'ona kana kwamba sauti nayo ingeweza kumvunja. Tulimlaza, na machela yake, kwenye kiti kirefu cha nyuma kabisa, kile kinachogusa ukuta wa mwisho wa behewa. Nilikichagua mimi. Kiko mbali na kelele za kichwa cha treni, na sponji yake ni nene kuliko zote. Redio akakaa upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, na bakuli langu sakafuni.

Treni ilipong'oka nilikuwa nimeshikilia pumzi. Kila gurudumu lilipopita kwenye kiungo cha reli, moyo wangu ulipiga pamoja nalo. Nilikuwa natazama maji, halafu namtazama Mama, halafu maji tena. Yalitulia. Nikamfinya kidole gumba.

"Unasikia, Mama?"

"Nasikia."

Tukapita daraja. Nikamfinya tena.

"Unasikia?"

"Wewe mtoto," akasema bila kufumbua macho, "umenifinya mpaka kidole kimevimba. Hebu niache. Ukinifinya tena sikujibu."

Redio alicheka, na mimi nikacheka, na kwa kitambo kifupi hofu ilinipungua. Nilipapasa kitambaa cha buluu nikajisifu kimoyomoyo. Ndipo tukaingia stesheni ya njia panda, pale reli yetu inapokutana na ile inayotoka upande wa machimbo.

Treni ilisimama vizuri, maji hayakutikisika. Lakini niliona kitu kilichonitia wasiwasi. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alimtoa mwanawe kwenye kiti, akakaa naye chini sakafuni, akaegemeza mgongo. Mzee wa kikoi alimalizia chai yake haraka haraka na kufunika chupa. Mwanafunzi akakumbatia nguzo. Behewa zima likawa linajishika, kimya kimya, bila hata kuambizana, jinsi watu wanavyofunga madirisha mvua ikikaribia.

"Jamani, mbona mnajishika?" nikauliza.

"Si wanaunganisha," akasema yule mama wa mtoto.

"Wanaunganisha nini?"

"Treni ya machimbo. Inakuja kufungwa hapa nyuma yetu, twende pamoja. Kila siku ya kazi. Jumapili tu ndiyo haiji." Akamtazama Mama amelala pale nyuma, na uso wake ukabadilika. "Dada, mbona mmemlaza hapo? Hapo ndipo panapogongwa."

Niligeuka nikachungulia kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Kwenye reli ile ile yetu, mabehewa ya machimbo yalikuwa yanakuja, yanasukumwa kinyumenyume na kichwa chake kilicho huko mwisho. Mbele yake anatembea mwanaume mwenye bendera. Hayakuwa mbali. Mimi mwenyewe karakana nimeshona viti vya behewa hili vilivyong'oka boliti, nikavirudisha, wala sikuwahi kujiuliza vimeng'okaje.

Nilimtazama Redio. Alikuwa ameelewa. Mdomo wake ulikuwa wazi lakini hakuna kilichotoka, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote, maana kaka yangu alisimulia vichekesho hata siku tulipomzika Baba.

"Tumtoe?" hatimaye akasema, sauti imepotea.

"Kwa haraka? Tutamvunja sisi wenyewe."

Niliruka chini. Viatu vikabaki juu. Nilikimbia kwenye kokoto mpaka katikati ya zile treni mbili, nikasimama juu ya reli, mikono nimeinyoosha. Mabehewa yale yalikuwa yananijia taratibu, na nilikuwa sijawahi kujua kwamba kitu kinachokuja taratibu kinaweza kutisha namna ile.

Mtu wa bendera alinyanyua ile nyekundu juu, akapiga filimbi kwa nguvu. Vyuma vikalia. Mabehewa yakasimama nikiwa naweza kuona kutu kwenye ndoano ya kuungia.

"Wewe mwanamke una akili? Unataka kufa?"

"Mama yangu yumo humu! Mgongo wake umeoza, ukigonga miguu yake imekwisha! Nakuomba, baba yangu, nakuomba usigonge!"

"Sasa mnamweka mgonjwa wa mgongo behewa la mwisho? Nani aliyewashauri?"

Alitazama miguu yangu mitupu, akatazama mkononi mwangu, nami nikatazama pia. Nilikuwa nimeshuka na bakuli. Maji yote yalikuwa kwenye gauni.

Akashusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Kuunganisha lazima, kule nyuma kuna watu. Dereva anasukuma, haoni kitu, anaona mkono wangu tu. Nitamleta polepole niwezavyo. Lakini breki za kichwa kile nazijua, sikuahidi kitu. Rudi ndani mkamshike. Nikipiga filimbi, ujue inagusa."

Nilirudi mbio. Sasa nilifanya kitu ambacho fundi yeyote wa viti angenilaani. Chini ya kila kiti changu kuna kishikizo, ukikivuta sponji yote inatoka. Nikaanza kuving'oa. Kimoja, cha pili, cha tatu. Mzee wa kikoi alielewa, akanyanyuka akaniachia chake. Yule mwanafunzi akavuta cha kwake kwa nguvu mpaka mshono wangu wa mara mbili ukachanika, na nilimshukuru. Tulivishindilia kati ya Mama na ukuta wa nyuma, na kandokando yake, mpaka ukuta ukafunikwa. Redio alijipenyeza akakaa kwa nyuma kabisa, mgongo wake ukutani, akamkumbatia Mama mabega. Ukuta ukija, uanze na yeye.

"Kuna nini?" Mama akauliza. "Mbona mnanibanabana?"

"Hamna kitu, Mama. Tulia tu."

"Redio amenyamaza, halafu unaniambia hamna kitu."

Mama wa mtoto alimkabidhi mwanawe kwa mzee, akaja akashika machela upande mmoja. Mimi nikaishika miguu ya Mama kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Behewa zima lilikuwa kimya, nikawa nasikia kokoto zikilia chini ya buti za mtu wa bendera, na sauti yake ikimwambia dereva asiyemsikia, taratibu, taratibu, taratibu. Nilifumba macho. Nilimwomba Mungu kwa maneno ya utotoni, yale ya kulalia, kwa sababu mengine yote yalikuwa yamenitoka.

Filimbi ikalia.

Kisha vyuma vikakutana. Kulikuwa na mlio, "kacha", na behewa likasogea mbele kidogo, kama mtu aliyesukumwa begani kwenye foleni. Redio aliguna. Sponji zikabonyea, zikarudi. Nje mtu alipiga kelele, "Imeshika!" na watu wakaachia nguzo.

Nilifumbua macho. Mama alikuwa amefumba yake. Nikamfinya kidole gumba.

Hakujibu.

"Mama, unasikia?"

Kimya. Nikafinya kwa nguvu zaidi, kucha ikaingia. Uso wake haukubadilika. Redio alinitazama juu ya kichwa cha Mama, midomo inamcheza, na machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. Niliwaza nitakavyomwambia kuhusu miguu yake, na kwamba itabidi nimwambie mimi, kwa sababu behewa nililichagua mimi na kiti nilikichagua mimi.

"Mama! Nijibu, tafadhali! Unasikia?"

"Nasikia," akasema. Kwa sauti ndogo sana.

"Mbona hujibu? Unataka kuniua?"

Alifumbua macho. Yalikuwa yamejaa woga, na ndipo nilipojua kwamba tangu nyumbani alikuwa anajua kila kitu, tulichoambiwa nje ya chumba na kila tulichokuwa tunamficha.

"Tangu asubuhi unafinya mguu huo huo mmoja," akasema. "Wa kushoto. Huu mwingine hujaugusa. Mimi nami naogopa kuujaribu."

Nilikuwa nimejaribu siku moja na mguu mmoja, na nikajiita fundi. Mtu wa bendera alikuwa amepanda, amesimama mlangoni kofia mkononi, haulizi kitu. Niliinamisha kichwa, nikashika kidole gumba cha mguu wa kulia, nikafinya.

Nikasubiri. Treni nayo ilikuwa inasubiri.

"Zaidi," Mama akasema.

Nikafinya kwa nguvu zangu zote, vidole hivi vinavyosukuma sindano kwenye ngozi na turubai.

"Aa! Unaniumiza!"

Redio alilia kwa sauti kama mtoto. Mimi niliweka paji la uso juu ya ule mguu nikashindwa kuinuka. Mama alinipapasa kichwani, akapapasa pia sponji zilizochanika zilizomzunguka, akauliza ni nani atakayevishona viti vyote hivi.

"Mimi," nikasema.

"Basi kurudi tupande lile la mbao," akasema. "Na tukae katikati."