Kipande cha Kumi na Saba

Kuna watu husamehe. Fortunata hakuwa mmoja wao, na hakuona haya kulisema. Alikuwa na miaka tisa siku baba yake mdogo, Hironimus, alipobomoa nyumba yao kule Madaba, baba yake mzazi akiwa hajatimiza hata mwaka kaburini. Mama yake, Asumpta, alipokwenda kushtaki kijijini, Hironimus alisimama mbele ya watu akaapa kwa Bikira Maria kwamba pale hapajawahi kuwa na nyumba, palikuwa pori, na shemeji yake ni mwongo. Kisha akalima yote, msingi na kaburi, akapanda mahindi. Majirani walijua ukweli, lakini trekta lilikuwa lake na wote walimtegemea awalimie, basi wakatazama chini.

Miaka ishirini na mbili baadaye, Fortunata alikuwa akipanga safari za droni katika kampuni ndogo ya upimaji, Songea mjini. Kazi yake ilikuwa kukata eneo kubwa vipande vipande kwenye kompyuta, kuchora mistari ambayo droni itaifuata, na kuamua kila kipande kipigwe picha siku gani na kutoka kimo gani. Mwaka huo walipewa ardhi yote ya kijiji kile, ili wenye mashamba wapate hati. Kipande cha kumi na saba kilikuwa kwao. Alipokiona, alifunga mlango wa ofisi asije akaonekana anacheka.

Alikwenda mwenyewe kujaza fomu za wenye mashamba. Hironimus hakumtambua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Andika pori," alisema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Nimefyeka kwa mikono hii. Hapa hajawahi kukaa mtu, hata mbwa."

Fortunata akaandika neno kwa neno, akamsomea, akamsogezea wino aweke dole gumba.

Droni ikaanza kazi. Vipande vyote vikapigwa picha, kimoja kikabaki.

"Fortu, mbona cha kumi na saba unakikwepa?" aliuliza Ramson, bosi wake. "Betri zimejaa, anga safi."

"Upepo, bosi."

"Upepo gani? Hata jani halitikisiki."

Haukuwa upepo. Alikuwa akisubiri mahindi. Walipopiga picha kule Lusewa alijifunza jambo moja: mvua zikikata, mahindi yaliyoota juu ya sakafu ya zamani hukauka kwanza, kwa kuwa ardhi iliyoshindiliwa haipitishi mizizi. Yaliyoota juu ya zizi, au juu ya shimo lolote lililowahi kuchimbwa, hubaki kijani siku kadhaa zaidi. Ukiwa shambani huoni kitu. Trekta hufuta juu tu. Basi kila asubuhi alisimama barabarani akiyakagua majani ya Hironimus kama mama mkwe anayekagua ugali.

Katikati ya Mei alimwambia Ramson, "Leo." Akashusha kimo nusu, ili picha ionyeshe kila kitu.

Picha zilionyeshwa kwenye mkutano wa kijiji, darasani, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Hironimus alikaa mbele na koti lake la Jumapili. Asumpta alikaa nyuma kabisa, kitenge kimemfunika kichwa. Fortunata akasoma fomu kwa sauti: pori, hajawahi kukaa mtu, hata mbwa. Kisha akafungua picha.

Katikati ya kijani, nyumba ilikuwa imechorwa kwa njano: vyumba viwili, sebule, jiko la nje. Nyuma yake, duara la kijani kibichi, zizi la ng'ombe.

"Pori gani hili lina vyumba?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni… ni mbolea," alisema Hironimus.

"Mbolea imejenga na sebule?" alidakia mama mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Fortunata alikifaidi kile kicheko, akakiacha kiishe chenyewe. "Shikamoo, baba mdogo," alisema. "Mimi ni Fortunata wa Polikarp."

Mwenyekiti akaichukua fomu yenye dole gumba, akaichana, akaomba nyingine.

Hapo Asumpta akainuka. Alitembea polepole hadi kwenye shuka, akaweka kidole ubavuni mwa nyumba, palipokuwa na kipande chembamba cha kijani, urefu wa mtu. Fortunata alikuwa amekiona kwenye kompyuta.

"Hilo ni shimo la choo, mama."

"Choo kilikuwa huku," alisema Asumpta. "Hapa nilimzika baba yako."

Fortunata akashika ukingo wa meza. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa hilo.

Mama yake hakulia. Alimgeukia Hironimus, akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shemeji, miaka ishirini na mbili. Mahindi ya hapa yalikuwa matamu?"

Hironimus akatazama chini, na safari hii hakuna jirani aliyetazama chini pamoja naye.